Shamba la Baba Lisilo na Ngao

Ukungu wa Newala hauna adabu. Asubuhi huingia ndani bila hodi, ukapita ukumbini, ukakaa hata juu ya masufuria, na mtu akisimama uani humwoni mpaka akohoe. Humo ndimo mama alimokuwa akikaa, barazani, kajifunga khanga mbili, kashika simu ya baba kwa mikono yote miwili. Kioo cha simu kilitoa mwanga wa kijani, na mwanga ule ulimpanda kidevuni na mashavuni, hata nikimtazama kutoka mlangoni niliona uso tu, mwili umemezwa. Alikuwa akipalilia.

Shamba lile lilikuwa la baba. Miguu ilipomkatalia kwenda Mkunya kwenye mikorosho yake, akawa mtu wa kiti na mto, nilimwekea gemu kwenye simu ili asimchokoze mama kutwa nzima. Ni gemu la mtandaoni, la bure. Unapewa kipande cha ardhi, unapanda, unafuga, unavuna, na majirani zako ni watu wa kweli walioko huko waliko, kila mmoja na simu yake. Mwanzoni baba alilidharau. Kisha akaona kuna mto. Mto mzima, unapita katikati ya shamba, maji hayapungui na hayatekwi. Mtu aliyezaliwa juu ya uwanda huu, ambaye utotoni aliteremka bondeni alfajiri nyuma ya mama yake kufuata maji, kisha akapanda nayo mlima bila kumwaga tone, alikaa akautazama ule mto mpaka chai ikapoa. Akasema, "Hawa waliotengeneza hiki kitu ni watu wazuri."

Nilicheka. Sikumwambia kwamba watu wazuri wale wana duka.

Duka lenyewe liko hivi. Ukiwa umelala, mchezaji mwingine anaweza kulivamia shamba lako, akachukua mavuno na mbuzi. Kama hutaki, unanunua ngao. Ngao inanunuliwa kwa almasi, almasi inanunuliwa kwa pesa ya kweli, na pesa ya kweli inatoka kwenye simu kwa kubonyeza tu, hata kijasho hakikutoki. Ngao ikiisha muda wake unanunua nyingine.

Mimi ni wakala wa pesa za simu Masasi mjini, kibanda changu kinatazama majabali, na kazi hii imenipa maoni ambayo sikuyaomba. Watu wazima huja kuweka pesa, wanasimama palepale wakibonyeza, na pesa inayeyuka mbele ya macho yangu. Kulikuwa na katekista mmoja, mtu na heshima zake, mpenzi wa masanduku ya bahati. Hayo unalipa kwanza, unafungua baadaye, na ndani unakuta mara jogoo wa dhahabu, mara kofia. Mara nyingi kofia. Nikamwambia, "Mwalimu, hii si ndiyo kamari unayoikemea Jumapili?" Akasema si kamari, kwa sababu hukosi kabisa, walau kofia unapata. Nikamwuliza kofia hiyo anaivaa wapi. Tangu siku hiyo anaweka pesa kwa wakala mwingine.

Nasema hivi, na nimelisema mpaka watu wa kijiweni wamenichoka. Gemu la kununua mara moja ni jembe: ukishalipa ni lako, ulime au ulitundike ukutani. Gemu la kulipia kila mwezi ni kodi ya nyumba: inauma, lakini unajua inauma lini. Hili la bure ndilo la kuogopwa, maana hili ni kangomba. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Kangomba ni yule mnunuzi anayekuja wakati wa masika, nyumbani hamna kitu, mikorosho hata maua bado, anakupa cha kula leo kwa kipimo chake mwenyewe, na msimu ukifika anakuja kuzoa korosho zako zote huku ukimwangalia. Gemu la bure linakupa shamba ukiwa na njaa ya shamba. Likishaona umelipenda, linakuletea wezi, halafu linakuuzia ngao ya kuwazuia wezi liliowaleta lenyewe. Hasira zinanipanda hata sasa ninapoandika.

Baba hakununua ngao hata moja, wala si kwa sababu ya hotuba zangu. Aliyekuwa akimvamia alikuwa mtu mmoja, yuleyule kila siku. Asubuhi ya kwanza baba aliamka akakuta zizi tupu. Kwenye gemu pana sehemu ya kuandikiana, basi akaandika: "Mwizi wewe, kabila gani?" Jibu likaja: "Myao wa Masasi, mzee. Mbuzi zako nimezila, chumvi imekolea." Baba alipiga kelele za furaha mpaka mama akatoka jikoni mbio akidhani ameanguka.

Sisi Wamakonde na Wayao ni watani. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku machoni pako, na ukikasirika wewe ndiye uliyekosa. Unacheka, unamtukana yeye na ukoo wake, unasubiri zamu yako ya kwenda kubeba chake. Sasa ngao ya nini? Kumlipa mtu wa mbali akuzuilie mtani wako asiingie ni aibu, baba alisema, bora hata kumfungia mlango mkweo. Waliotengeneza gemu lile hawakuliwaza hilo. Waliweka wizi ili watu wauchukie na walipe. Hawakujua kwamba kuna watu ambao wakiibiwa wanapata ndugu.

Basi wakawa wanaibiana. "Nyie wa juu huko mnaoga kwa kikombe," Myao aliandika. "Na nyie mnakaa majabalini na nyani," baba akajibu, "ndio maana hamjui nani baba yenu." Hawakuwahi kuambiana majina. Hawakuwahi kupigiana simu. Mimi nikipanda Newala nilikuwa nikisikia kicheko cha baba kutoka chumbani, kikianza, kikikatika kwa kikohozi, kikianza tena, na nilikuwa nalala nacho usingizi mtamu wa mchana, ule wa nyumba ambayo kila mtu yupo.

Baba alifariki wakati mikorosho inachanua, hewa yote ya Newala imejaa ile harufu tamu inayokufanya uzungumze pole pole. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho ya hapo nyumbani. Mama hakulia. Wenzake wa kanisani walisema ni imani. Mimi nilimjua mama yangu, nikajua si imani. Mtu akipiga simu kumwulizia mzee, mama alijibu, "Hayupo," kwa sauti ileile ya kumwambia mtu apige tena jioni. Lile neno lingine halikumtoka. Halafu na maneno mengine yakaanza kupungua. Kanisani alikwenda, sokoni alikwenda, shikamoo aliitikia, basi. Ukikaa naye ulisikia majani ya nyuma ya nyumba yakidondoka moja moja.

Nilipanda Newala Jumamosi moja kumwangalia. Asubuhi nikamkuta barazani kwenye ukungu, kama nilivyosema, na huo mwanga wa kijani usoni. Nikachungulia begani. Alikuwa akiandikiana na yule Myao. Juu ya kila alichoandika lilikaa jina la baba la kwenye gemu, Mzee wa Juu, kwa maana shamba lilikuwa bado lake. Myao alikuwa ameandika, "Mzee, leo nimechukua maboga tu, nimekuonea huruma miguu." Naye mama, kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, akaandika: "Miguu haijambo. Umekula?"

Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Nilikuwa katika ile hali ya mtu aliyelala mchana akaamka hajui kama kunapambazuka au kunakuchwa. Kumbe kulikuwa na mahali ambapo baba hajafa. Mto unapita, mahindi yamesimama, mbuzi wanaibiwa na kurudishwa, na kuna mtu Masasi kila siku anamwita mzee na mzee anaitika. Mama ndiye aliyekuwa akimtunza humo ndani. Nje ukungu ulikuwa unainuka na jua linatoka, lakini nilimsikia mama akisema peke yake, kwa raha, "Mvua hiyo, imeanza," na nikajua anazungumzia mvua ya kule.

  Nilishuka Masasi, na siku zikaenda, na sauti ya mama ikaanza kurudi. Alinipigia kibandani, foleni ya wateja inanisubiri, akasema, "Mwanangu, hebu nitajie tusi la Wayao, lakini lisiwe chafu." Nikamtajia. Wateja wakacheka. Nilifurahi siku nzima.

Hapo ndipo sheria zilipokuja, na sheria nilikuwa nikizitaka mimi mwenyewe. Kijiweni pana mwendesha bodaboda ambaye ni mpinzani wangu wa kudumu. Yeye husema mtandao ni njia, na njia haiwekewi geti, kwa kuwa geti humwumiza mpitaji na jambazi hupita porini. Mimi nilimjibu kwamba njia yenye majambazi inataka geti, tena lenye mlinzi mkali. Nikamkumbusha kangomba. Serikali ilipoipiga marufuku na korosho zikaenda ghalani kusubiri mnada, si tulinung'unika kwamba malipo yanachelewa? Tulinung'unika, lakini angalau gunia lilipimwa kwa mzani. Hivyo ndivyo nilivyotaka na huku: bei iandikwe wazi, masanduku ya bahati yasiuzwe kwa watoto, na anayeuza ngao akatazwe kufuga wezi. Ningelipewa kiti bungeni siku ile ningeyapitisha hayo yote kabla ya chakula cha mchana.

Kampuni yenye gemu, ambayo sijui hata iko nchi gani, ikatoa tangazo kwa Kiswahili cha kuparamia. Kwa ajili ya kutii sheria za mitandao na kulinda watoto, ilisema, kila anayetaka kuandikiana na mchezaji mwingine athibitishe jina na umri wake kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilo. Asiyethibitisha ataendelea kucheza na kununua kama kawaida. Nikasoma tena. Kununua almasi hakukuhitaji kuthibitisha chochote. Mdomo ndio uliofungwa, mfuko ukaachwa wazi. Geti nililoliomba lilikuwa limewekwa, lakini limemzunguka mtu asiye na kosa.

Na laini ya simu ile ilikuwa ya baba. Jina lake, alama ya kidole chake. Kuithibitisha kulitaka kidole hicho, na kidole hicho tulikuwa tumekizika.

Nikapanda Newala. Nilimwandalia mama maneno yangu njia nzima, nikayasema vizuri, kwa upole. "Mama, tutakwenda ofisi za simu na cheti cha mzee. Laini ya mzee itafungwa, utasajiliwa yako, utaandika kwa jina lako mwenyewe. Ni jambo la asubuhi moja."

"Niende nikaseme nini hapo?"

"Useme mzee amefariki."

Mama alinitazama kana kwamba nimetema mate kwenye chungu cha mboga. Kisha akaigeukia simu. "Rudi kwenye kibanda chako, mwanangu, wateja wanakusubiri. Hapa mwenye laini hayupo tu."

Siku ya sharti hilo kuanza ilipofika, sehemu ya kuandikia ikawa kijivu. Mama aliibonyeza, haikufunguka. Shamba lilikuwepo, mto ulikuwepo, na Myao aliendelea kuja. Akachukua mahindi, mama akaenda kuchukua bata wake. Waliendelea hivyo, kimya kimya, kama watu wanaopishana kwenye ukungu na kugusana mikono bila kuonana. Halafu asubuhi moja mama akafungua simu akakuta hakuna kilichoibiwa. Zizi limejaa. Mimea yote imemwagiliwa maji. Myao alikuwa ameingia, amemwagilia shamba zima, ameondoka.

Mama akanipigia simu. "Hajaiba," akasema.

"Si vizuri, mama?"

"Vizuri nini? Mtani asiyeiba anakupa pole." Akakata.

Baada ya hapo alikwisha. Nikipiga simu: ndiyo, hapana, haya. Jirani akaniambia anakaa barazani mpaka jua la saa sita na simu imezima mapajani. Niliogopa. Nilikuwa nimeshamzika mzazi mmoja, na nilimwona wa pili akiondoka taratibu akiwa amekaa kitini, macho wazi, na mimi niko chini huku Masasi nahesabia watu noti zao.

Basi nikafungua shamba langu. Nikathibitisha jina langu, umri wangu, kidole changu. Nikalitafuta shamba la yule Myao nikaliona, lakini si jirani yangu, na gemu likanieleza kwa heshima kubwa kwamba kumwandikia asiye jirani kunahitaji almasi. Nikanunua. Mimi huyu niliyemfukuza katekista kibandani. Akija kulisoma hili nimekwisha.

Nikaandika: "Shikamoo. Mimi ni binti wa yule Mzee wa Juu, wa Newala. Samahani sana. Baba amefariki zamani. Aliyekuwa akikuandikia ni mama."

Mteja alikuja, nikamhudumia bila kumwona. Simu ikalia.

"Marahaba, binti. Najua."

"Umejuaje?"

"Mzee alikuwa ananitukana mimi, babu yangu na waliomzaa babu yangu, kabla hata sijanawa uso. Ghafla mzee akaanza kuniuliza kama nimekula. Nikasema, eeh, mtani wangu kaondoka, huyu ni mkewe."

Nililia palepale kwenye kibanda. Nilipoweza kuona herufi nikamwuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba kuna kazi ya mtani ambayo haifanyiki kwenye simu, na kwamba alikuwa akisubiri aitwe. Kisha akaandika, "Nyumba iko wapi?"

Alikuwa fundi baiskeli, mfupi, wa makamo, amevaa kofia ya kufuma. Karakana yake haikuwa mbali na kibanda changu, nadhani nimeshawahi kumtolea pesa. Tulipanda Newala pamoja siku iliyofuata. Njiani hakutania hata kidogo, alikuwa mtu mpole anayetazama dirishani, na nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba nimemchukua mtu asiye sahihi.

Tulipofika, ukungu wa jioni ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Mama alikuwa barazani. Yule mtu hakupiga hodi wala hakuamkia. Alimpita mama kana kwamba ni nguzo, akazunguka nyumba, akaenda moja kwa moja kwenye mikorosho, akalala chali juu ya kaburi la baba na viatu vyake, akafumba macho.

Watani hufanya hivyo siku ya maziko. Hulala kaburini wakazuia mazishi, wakadai walipwe, wafiwa wakajikuta wanacheka hata wasipotaka. Huyu alikuwa amechelewa sana, udongo ulishakauka na nyasi zimeota.

Mama alikuja akishikilia ukuta. "Wewe nani?"

"Mwizi wa mbuzi."

Mama akaweka kiganja mdomoni. Mabega yalimtetemeka, na sikujua ni kicheko au ni nini. "Toka hapo," akasema. "Umechafua."

"Sitoki."

"Nitakupa kuku."

"Kuku wa nini? Nimeshakula zizi zima la huyu mtu. Sitoki mpaka anifukuze mwenyewe, kwa mdomo wake, na matusi yake yote."

Sasa mama alicheka kweli. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau, kumbe ni kikubwa kuliko yeye. Ukungu ulikuwa umeingia katikati ya mikorosho, na kwa kitambo kidogo tulikuwa sote mahali pazuri, wanne, baba akiwemo, na mimi sikutaka paishe.

"Mwite basi," mtani akasema. Hakuwa anatania tena. Alikuwa amefungua macho. "Mwite aje anifukuze."

Mama akafungua mdomo kama anayeita mtu aliyeko shambani. Sauti haikutoka. Akaufunga, akaufungua tena.

"Hawezi," akasema.

"Kwa nini hawezi?"

"Amekufa, mtani. Mume wangu amekufa."

Yule Myao akainuka. Akajipangusa udongo magotini, akavua kofia, akamshika mama mkono.

"Haya," akasema. "Sasa tulie."